Paipu ya joto: mwongozo kamili wa kuielewa, kuijaribu na kuitunza, kutoka laptopu hadi hita ya paani

Mwaka wangu wa pili wa ufundi, hapa Nakuru, nilikata paipu ya joto kwa msumeno wa chuma. Chanzo kilikuwa ujuaji. Mwalimu mmoja wa Njoro alikuwa ameniletea laptopu inayojizima kila baada ya dakika kumi. Nilipoifungua nikaona kijiti bapa cha shaba kimetoka juu ya prosesa, kikaenda mpaka kwenye mapezi yaliyo mbele ya feni. Mahali kilipokunja kona palikuwa pamebonyea; kuna mtu aliyenitangulia humo ndani na koleo. Nikajiambia shaba ni shaba. Nikachukua waya mnene wa mafundi wa stima, nikaunyoosha, nikaukunja ufanane na kile kijiti, nikauchomelea penye mapezi. Laptopu ikawaka, ikafika pale pa kuweka paswadi, ikazima.

"Fundi, si sasa ndiyo imekuwa mbaya zaidi?"

"Niachie mpaka kesho, mwalimu."

Jioni nikakibana kile kijiti cha zamani kwenye jiriwa nikakikata katikati. Nilitarajia shaba tupu. Nikakuta mwanya. Ukuta wa ndani ulikuwa na unga wa shaba ulioganda, wenye chembechembe kama sukari iliyokaukia ndani ya kikombe. Nikasokota karatasi ya shashi nikaipenyeza, ikatoka na alama ndogo ya unyevu, kama mtu aliyefuta chozi moja. Basi. Hicho ndicho kilichokuwa kikibeba joto lote la kompyuta.

Tangu siku hiyo, kila kifaa cha namna hii kikiletwa mezani, swali langu la kwanza ni moja: maji yanarudije? Joto kwenda halina taabu, linakwenda lenyewe. Kazi iko kwenye kurudi kwa maji, na karibu kila hitilafu utakayokutana nayo, iwe kwenye laptopu au kwenye hita ya sola, inaanzia hapo.

Hatua ya 1: Jua kilichomo ndani

Vitu ni vitatu tu. Kuna ganda la chuma lililozibwa ncha zote mbili, kuna kioevu kidogo sana, na kuna utambi uliobandikwa ukutani kwa ndani. Hewa hutolewa yote kabla ya kuziba, na hilo si jambo dogo, nitalirudia.

Kama ulisoma usiku kwa koroboi, utambi unaujua. Mafuta ya taa hupanda yenyewe, bila pampu, kwa sababu nyuzi za pamba zimesongamana na kioevu hupenda kupenya kwenye nafasi nyembamba. Ndani ya paipu utambi ni unga wa shaba uliookwa mpaka chembe zikashikana, au wavu wa nyaya nyembamba, au mifereji iliyochongwa kwenye ukuta. Nyingi za laptopu zina unga. Nyingi za hita za sola hazina utambi wa maana, zinategemea mteremko.

Nikiwa Kisumu sihitaji kuchora. Naonyesha ziwa. Mchana jua hugeuza maji ya ziwa kuwa mvuke, mvuke unasukumwa kuelekea vilima vya Nandi na Kericho, huko juu unakutana na baridi, saa tisa au saa kumi alasiri mvua inanyesha, na Mto Nyando unayarudisha maji Ghuba ya Winam kupitia nyanda za Kano. Sasa weka prosesa mahali pa ziwa lenye jua, mapezi ya feni mahali pa Nandi, na utambi mahali pa Nyando. Mvuke hupita katikati ya paipu kwenda upande wa baridi, unagusa ukuta, unageuka matone, matone yananyonywa na utambi na kurudi yalikotoka. Hakuna pampu wala injini. Hakuna kinachochakaa kwa kuzunguka.

Hatua ya 2: Elewa kwa nini maji yanachemka kabla ya kuwa moto

Wali na maharagwe ya Nakuru vina ushahidi wote unaohitaji. Mgeni wa kutoka Mombasa akipika githeri hapa hulalamika kwamba makaa yanaisha kabla ya maharagwe kuiva. Pwani maji huchemka kwa digrii 100. Kisumu, mita zaidi ya 1,100 juu ya usawa wa bahari, yanachemka karibu digrii 96. Nakuru, kwenye mita 1,850 hivi, ni digrii 94. Ukipanda hadi Timboroa unakuta 91 tu. Kadiri hewa inavyokuwa nyepesi juu ya sufuria, ndivyo maji yanavyopata urahisi wa kuruka kuwa mvuke, na ndivyo yanavyochemka yakiwa na joto kidogo.

Sasa chukulia umepanda mlima usio na mwisho mpaka hewa ikaisha kabisa. Hapo ndipo palipo ndani ya paipu. Kwa kuwa hewa imetolewa, kilichobaki ni maji na mvuke wake peke yake. Joto la paipu likiwa digrii 30, msukumo wa mvuke huo haufiki hata 1/20 ya msukumo wa hewa ya pwani. Watu husema "ndani maji yanachemka kwa digrii 30", na si uongo, ila kauli hiyo inapotosha kidogo, kwani hakuna digrii moja maalumu. Maji na mvuke vimesawazika, na upande wowote ukizidi mwingine kwa joto hata kidogo, maji ya upande huo huanza kuruka. Ndiyo maana paipu nzuri huamka mara moja, haingoji chochote.

Lakini kwa nini mvuke? Kwa nini usitumie shaba tupu, ambayo kila mtu anajua inapitisha joto vizuri?

Jibu ni joto fiche. Kugeuza kilo 1 ya maji yanayochemka kuwa mvuke kunahitaji kilojuli 2,257, na muda wote huo kipimajoto hakisogei. Joto hilo lote linajificha ndani ya mvuke. Ni zaidi ya mara 5 ya joto linalotumika kuyatoa maji hayohayo digrii 0 hadi 100. Mvuke unapogeuka matone upande wa pili, unaurudisha mzigo wote bila kupunguza. Ndiyo maana mvuke wa sufuria hukuunguza vibaya kuliko maji yenyewe.

Tufanye hesabu ya lile kosa langu. Chukua prosesa inayotoa wati 40 na kijiti cha shaba tupu chenye kipenyo cha milimita 6 na urefu wa sentimita 15. Ili wati 40 zipite ndani yake, ncha ya moto ingelazimika kuizidi ncha ya baridi kwa digrii 530 hivi. Prosesa nyingi hujizima zikikaribia 100. Paipu ya joto ya ukubwa huohuo hubeba mzigo huo kwa tofauti ya digrii chache tu, na maji yanayozunguka ndani ni karibu gramu 1 kwa dakika, yaani moja ya tano ya kijiko cha chai. Waya wangu wa stima haukuwa na nafasi hata kidogo.

Kuhusu hewa: ikibaki ndani, au gesi nyingine ikizaliwa humo baadaye, mvuke huisukuma yote mpaka ncha ya baridi na kuibana pale. Ncha hiyo inakuwa imezibwa kama chupa yenye kizibo, mvuke haufiki ukutani. Hii ndiyo sababu watengenezaji hawachanganyi vitu ovyo. Maji na shaba vinaelewana kwa miaka mingi. Maji na alumini hayaelewani, yanazaa gesi ya hidrojeni na paipu inakufa polepole. Amonia inaelewana na alumini lakini inaila shaba. Kwenye joto kali sana, la mamia ya digrii, hutumika sodiamu iliyoyeyuka.

Hatua ya 3: Ijaribu kwa kikombe cha chai

Usisome zaidi kabla ya kufanya hili, kwa sababu vidole huamini haraka kuliko macho. Tafuta paipu kutoka laptopu iliyokufa. Mafundi wa simu na kompyuta mjini wanazo kwenye maboksi ya vyuma chakavu. Ing'oe feni, isiguse maji. Tafuta na kijiko cha chuma au kipande cha waya wa shaba wenye urefu sawa na paipu.

Jaza kikombe maji ya moto, si lazima yanayotokota, digrii 70 au 80 zinatosha. Shika paipu kwa mkono mmoja na waya kwa mwingine, kwenye ncha za juu, kisha chovya ncha za chini kwa pamoja. Hesabu kimoyomoyo. Nikimpa mwanafunzi wa mazoezi huwa anafika tatu au nne, halafu anaiachia paipu, imeruka mezani, huku waya mkononi bado ni wa baridi. Usifumbate kwa nguvu, na mtoto asijaribu peke yake.

Ukimaliza, igeuze. Shika paipu ikiwa wima na umimine maji ya moto kwenye kitambaa ulichofunga ncha ya JUU. Yenye utambi wa unga bado itapeleka joto chini, ila kwa uvivu zaidi, maana sasa utambi unapandisha maji dhidi ya uzito wake. Isiyo na utambi haitapeleka kitu. Maji yote yamekaa chini, moto uko juu, hawakutani. Jaribio hili la pili litakuokoa siku utakapopanda paani.

Ilikotoka

Sehemu hii unaweza kuiruka kama una haraka, ila ukiiruka hutajua kwa nini kuna aina mbili.

Jacob Perkins alikuwa Mmarekani aliyehamia London. Mwaka 1834 alipata hataza ya mashine ya kugandisha barafu kwa kuzungusha mvuke, babu wa friji tulizo nazo, na mwaka 1836 akapata nyingine ya mrija uliozibwa wenye maji kidogo ndani: moto chini, mvuke unapanda, matone yanateremka. Mirija ya ukoo wake iliishia kwenye matanuri ya kuokea mikate. Moto ulikaa chumba kimoja, mkate chumba kingine, moshi haukugusa unga. Mrija wa Perkins haukuwa na utambi. Ulikuwa na sharti moja, moto lazima uwe chini, na kwa tanuri hilo halikuwa tatizo.

Tatizo lilikuja kwa friji. Richard Gaugler, mhandisi wa General Motors huko Ohio, alitaka kutoa joto kwenye kabati la chakula lililo juu na kulipeleka kwenye barafu iliyowekwa chini. Yaani maji yageuke mvuke juu, yawe matone chini, kisha yapande tena. Nani atayapandisha bila pampu? Akabandika utambi ndani ya mrija. Aliomba hataza Desemba 1942, ikatoka Juni 1944. Kampuni haikuitumia, na wazo likalala karibu miaka 20. Mimi hapo ndipo humheshimu zaidi Gaugler kuliko wote waliomfuata: alikuwa amelijibu lile swali la kurudi kwa maji, ila hakuna aliyekuwa akiliuliza.

Walioliuliza tena walikuwa watu wa vyombo vya angani. Huko hakuna juu wala chini, kwa hiyo mteremko hausaidii kitu. Mwaka 1963, katika maabara ya Los Alamos, jimbo la New Mexico, George Grover alikuwa akitafuta njia ya kutoa joto kwenye vinu vya nyuklia vya kuzalisha umeme angani. Akalifikia wazo lilelile kwa njia yake. Alianza na maji, kisha sodiamu, na yeye na wenzake Cotter na Erickson wakachapisha matokeo mwaka 1964. Jina hili la paipu ya joto ni lao. Cotter ndiye aliyeandika hesabu zinazoonyesha utambi unaweza kurudisha kiasi gani cha kioevu kabla haujashindwa, mwaka uliofuata.

Aprili 1967 paipu ya maji ilirushwa kwenye obiti kuona kama utambi utafanya kazi bila uzito. Ilifanya. Mwaka 1968 setilaiti ya GEOS-2 ikawa na paipu za kusawazisha joto la mitambo yake, upande wa jua na upande wa kivuli.

Halafu kuna Alaska, mfano ninaoupenda kwa sababu unarudi kwa Perkins. Bomba la mafuta lililoanza kazi mwaka 1977 linapita juu ya ardhi iliyoganda tangu zamani za kale. Ardhi hiyo ikiyeyuka, nguzo zinazama. Kwa hiyo kwenye nguzo wamechomeka paipu zaidi ya 120,000 zenye amonia. Majira ya baridi, hewa ya juu ikiwa baridi kuliko udongo, amonia inachemka chini na kupeleka joto la udongo juu. Kiangazi, juu kukiwa na joto, kazi inasimama yenyewe, kwa kuwa amonia yote imelala chini. Ni mlango wa upande mmoja usio na bawaba. Hita yako ya sola ni hivyohivyo, ila imefungwa ili joto libaki juu.

Hatua ya 4: Pima kabla ya kulaumu

Turudi kwenye laptopu inayojizima. Wengi hukimbilia kubadilisha feni. Mimi nataka vidole viwili kwanza. Vua pete na saa ya chuma, fungua kifuniko cha chini, washa kompyuta uipe kazi nzito kwa dakika tano, video mbili tatu kwa pamoja, na uwe na programu inayoonyesha joto la prosesa. Sasa gusa paipu karibu na prosesa, kisha uiguse karibu na mapezi. Kidole kiwe mbali na feni.

Ncha zote mbili zikiwa moto sawasawa, paipu ni nzima. Joto limefika kwenye mapezi likakosa pa kutokea. Tafuta vumbi, au feni iliyochoka. Kwa laptopu za Nakuru, hasa zinazokaa karibu na barabara za udongo, hii ndiyo hali ya kawaida kuliko zote. Nimewahi kutoa blanketi la vumbi lililoshikana kama kipande cha godoro.

Ncha zote mbili zikiwa vuguvugu huku skrini inasema prosesa iko digrii 95, joto halijaingia kwenye paipu kabisa. Kosa liko kwenye mguso: pesti ya joto, ile inayopakwa kati ya prosesa na kibao cha chuma kilichoshikana na paipu, imekauka ikawa chaki, au skrubu moja imelegea.

Ncha ya prosesa ikiwa moto wa kuunguza na ya mapezi ikiwa baridi, paipu imekufa. Ama imepasuka na hewa ikaingia, ama imebonyezwa mpaka njia ya mvuke ikafunga, kama ile ya mwalimu. Thibitisha kwa kuing'oa na kuirudisha kwenye jaribio la kikombe. Hakuna kuijaza maji upya. Nimeona video za watu wanaotoboa tundu, wanaingiza maji kwa sindano na kuziba kwa risasi. Hewa wameiacha ndani, kwa hiyo wametengeneza waya wa shaba wenye maji.

Kuna hali ya nne, adimu, inayowachanganya watu: paipu inafanya kazi vizuri kwa mzigo mdogo, lakini mzigo ukizidi inashindwa ghafla. Kumbuka koroboi. Ukipandisha utambi kupita kiasi, mafuta hayawahi kufika juu na utambi wenyewe unaanza kuungua. Paipu nayo ina kikomo. Maji yakiruka haraka kuliko utambi unavyoyarudisha, upande wa moto unakauka. Paipu iliyokunjwa kona kali au kubonyezwa bapa kupita ilivyotoka kiwandani hufikia kikomo hicho mapema.

Hatua ya 5: Safisha na urudishe

Zima, chomoa chaja, tenganisha betri. Legeza skrubu za kibao cha prosesa kwa kufuata namba zilizochapishwa kando yake, ukianza na kubwa kushuka. Inua kwa kuzungusha kidogo, usivute kwa nguvu, na usishike paipu yenyewe kama mpini. Vidole vikae kwenye kibao.

Futa pesti ya zamani kwa kitambaa kisichoacha nyuzi kilicholowa spiriti, pande zote mbili, mpaka prosesa ing'ae kama kioo. Mapezi yapige brashi laini. Ukipuliza kwa bloa, zuia mapanga ya feni kwa kijiti. Yakizungushwa kasi na upepo, bearingi zinaharibika. Weka pesti mpya ya ukubwa wa punje ya mchele katikati. Watu hupaka kama siagi kwenye mkate, lakini kazi ya pesti ni kujaza mikwaruzo tu, na ikiwa tabaka nene inageuka blanketi. Kaza skrubu kidogokidogo, safari hii kwa namba kutoka 1, ukirudia mzunguko mara mbili tatu.

Moto wa kulehemu usiusogeze kwenye paipu. Ndani ni maji yaliyofungiwa. Kwa digrii 250 msukumo wa mvuke unafika kama mara 40 ya ule wa hewa tunayovuta, na ganda ni jembamba kuliko kucha. Viwandani hubandika mapezi kwa risasi maalumu inayoyeyuka karibu digrii 138, na wanajua wanachofanya. Ikiharibika, tafuta nyingine ya modeli ileile.

Hatua ya 6: Panda paani

Hita za sola zenye mirija ya kioo ni za aina mbili na kwa mbali zinafanana. Moja ina maji ndani ya mirija yenyewe. Nyingine, ukichomoa mrija unakuta ndani kijiti cha shaba chenye kichwa kinene kinachoingia kwenye tundu la tangi. Kijiti hicho ni paipu ya joto. Mvua ya mawe ikivunja mrija wa aina ya kwanza, maji ya tangi yote yanamwagika kwenye mabati. Ya pili inabaki kavu na wewe unaoga kama kawaida, moto umepungua kidogo tu. Kwa Kericho na Nandi, ambako mvua ya mawe si habari, mimi nashauri ya pili hata kama bei inauma.

Sasa kisa cha Kisumu. Niliitwa na mzee mmoja aliyekuwa amefungiwa hita mpya kwenye paa la zege, mirija 20, jua la Kisumu unalijua, lakini maji yalitoka vuguvugu. "Jaduong', nani alilaza hii?" Aliyeifunga alikuwa amefikiri vizuri, nusu. Ikweta inapita hapo Maseno, jua letu liko utosini, kwa hiyo akailaza mirija bapa kabisa ili ilitazame jua moja kwa moja. Kwa paneli ya umeme asingekosea sana. Kwa paipu isiyo na utambi aliua kurudi kwa maji. Mvuke ukienda kwenye kichwa unageuka matone, na matone yanabaki palepale.

Kwetu, basi, mwinamo si wa jua, ni wa maji. Vijitabu vya hita hizi mara nyingi hutaka usiopungua digrii 20 hivi, soma chako. Huna haja ya kifaa cha kupima pembe. Kwa mrija wa mita 1.8, ncha ya juu iwe juu ya ncha ya chini kwa sentimita 62 upate digrii 20, au 76 upate 25. Tumia kamba, pimamaji na futi. Mzee wa Kisumu tulimchomelea fremu ya chuma cha pembe, sentimita 76, na kesho yake mchana akanipigia kuuliza atapunguzaje moto.

Uelekeo kwa hapa Ikweta hauna sheria kali. Mimi huelekeza kaskazini nikipata nafasi, kwa sababu Juni hadi Agosti, Nakuru ikiwa na baridi na mawingu, jua liko upande huo, na ndio wakati maji ya moto yanatakiwa zaidi. Desemba litakuwa limehamia kusini, lakini Desemba anga huwa wazi.

Wakati wa kufunga, mirija ikae kwenye boksi au ifunikwe gunia mpaka tangi lijae maji. Mrija mtupu juani hupandisha kichwa cha shaba kupita digrii 200. Ukikichomeka kwenye tangi ukiwa umesahau, mkono utakumbuka. Kagua chini ya kila mrija: pana doa la rangi ya fedha, kama kioo cha kujitazamia. Hiyo ni bariamu inayolinda ombwe kati ya kuta mbili za kioo. Likigeuka jeupe kama maziwa, hewa imeingia, mrija huo haushiki joto tena, urudishe dukani. Paka pesti kwenye kila kichwa, inua ncha ya chini ya mrija na kuishusha mara mbili tatu ili kioevu kirudi chini kilikotakiwa kuwa, kisha sukuma kichwa mpaka kifike mwisho wa tundu. Kichwa kikibaki nje kwa sentimita moja, joto linapotea hapo bila wewe kujua.

Baada ya mwaka mmoja, au baada ya mvua kubwa ya mawe, chagua asubuhi yenye jua, ukiwa na glavu. Chomoa mrija mmoja mmoja baada ya saa moja ya jua na usogeze mkono karibu na kichwa, bila kukigusa. Vyote viwe vya moto. Kile kilicho baridi kiandike namba yake kwa kalamu ya rangi kwenye fremu, kipake pesti upya na kukirudisha. Kesho yake kikiwa bado baridi, badilisha kijiti hicho peke yake. Tangi liachie maji yake, wala usifunge mita.